Karibu Yenye Kitanda

Mheshimiwa hakuwa mheshimiwa wa kitu chochote. Alikuwa dalali wa magari yaliyotumika, na maishani mwake hakuwahi kuchaguliwa hata kusimamia foleni ya maji. Jina hilo alijipa mwenyewe, akang'ang'ana nalo mpaka watu wakachoka kucheka, likamkaa.

Mwokaji hakuchoka kucheka. Alicheka kimoyomoyo kila alipolisikia, na alikuwa anacheka hata sasa, ameketi kwenye sitaha ya meli ya watalii katika nchi ya watu, akimtazama Mheshimiwa anavyonyooshea visiwa kidole kana kwamba ni magari yaliyopangwa uani kwake.

"Unakiona kile kirefu, Mama? Kile ndicho kinachopigwa picha kuliko vyote duniani."

"Nani kakwambia?" Mama aliuliza.

"Kinajulikana, Mama."

"Mimi sikijui."

Mheshimiwa na Mwokaji walikuwa wanyumba, yaani wameoa dada wawili. Mheshimiwa alimwoa mkubwa, Mwokaji akamwoa mdogo, na Mama ndiye mkwe wao wote wawili. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye macho makali na maneno machache, na miaka yote aliyokula mkate wa Mwokaji hakuwahi kuumaliza bila kusema kwamba ni mchachu.

Safari yenyewe ilizaliwa kwenye mdomo wa Mheshimiwa. Siku ndugu wote walipokutana nyumbani kwa Mama, alisimama katikati ya sebule akatangaza kwamba atampeleka Mama ng'ambo, kule anakonunulia vipuri, alale kwenye meli inayozunguka visiwa. Kisha, kwa kuwa mdomo ukishakolea haujui breki, akafungua mikono na kusema, "Na nyote karibuni! Twende wote!"

Watu wakajibu kama watu wenye adabu wanavyojibu. Tunashukuru, Mungu akijalia, safari nyingine. Kila mtu alijua karibu ile haikuwa ya kukaribia. Karibu za Mheshimiwa zilikuwa kama rangi mpya juu ya gari lenye kutu: zinang'aa, lakini usiegemee. Mwokaji peke yake ndiye aliyesema, "Sawa, mwanyumba. Tunakuja, mimi na mke wangu." Mheshimiwa akabaki ametoa macho, kama mtu aliyepungia teksi mkono kwa mzaha ikasimama.

Siku hiyohiyo lilisemwa pia jambo jingine, zito kuliko safari. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na nyumba ya Mama ilikuwa imepigwa alama nyekundu ukutani. Wakirudi tu, itabomolewa. Mheshimiwa akaweka mkono kifuani mbele ya ndugu wote. "Mama anakuja kwangu. Chumba cha wageni kipo, kina bafu lake humohumo. Ataishi kama malkia." Watu wakapiga makofi. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Tutazungumza hukohuko safarini."

Mke wa Mwokaji alimgeukia mumewe siku ile, akangoja. Mwokaji akaangalia kucha zake zilizoganda unga. Baadaye wakiwa njiani alimwambia, "Mtu ameshasema, mimi niseme nini? Tumgombee mama wa watu kama mnadani?" Yeye nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja cha nyuma, chenye magunia ya unga hadi darini, na ukuta wake ulishikana na tanuri. Aliwadharau watu wanaotoa wasichonacho. Kwa hiyo alinyamaza, na akajiona kimya chake kina heshima kuliko kelele za mwenzake.

Sasa meli ilikuwa inajipenyeza taratibu katikati ya visiwa. Vilikuwa majabali marefu yaliyochomoza majini, na vichaka vichwani kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Mwongoza watalii, kijana wa suti na kibendera cha njano, kila baada ya muda alisimamisha meli na kueleza kwa ishara jabali lile linafanana na nini. Hili ni kobe. Lile ni jogoo. Yale mawili ni wapenzi wanaobusiana. Watalii wakasema "Aaa!" na simu zikainuliwa kwa pamoja kama watu wanaoapishwa.

"Wewe unaona wapenzi?" Mke wa Mwokaji alimuuliza.

"Naona mawe."

"Jitahidi kidogo, baba watoto."

"Naona mawe mawili."

Mama alisema yeye anaona meno ya mzee wa jirani yake. Mwokaji akataka kucheka lakini akajizuia, maana ni mkwe.

Kila kitu ndani ya meli ile kilimchefua. Chakula cha mchana kilikuja na karoti iliyochongwa ikawa ua, na hakuna aliyejua kama inaliwa. Chumbani kwao, kidogo kama kabati, alikuta taulo juu ya kitanda limekunjwa likawa bata. Alilitazama kwa muda. Mtu mzima, ana akili zake na pengine ana watoto, alikuwa ameketi hapo akikunja taulo liwe bata. Akalikamata shingo, akajifutia uso.

Lakini aliyemchefua zaidi alikuwa Mheshimiwa na simu yake. Alasiri alimsimamisha Mama kwenye ncha ya mbele ya meli, penye upepo kuliko pote, akamtaka afungue mikono.

"Niifungue nianike nini?" Mama aliuliza.

"Ndiyo mtindo, Mama. Kama unaruka."

"Sijawahi kuruka nikiwa kijana, niruke leo na magoti haya?"

Mheshimiwa akapiga picha. Akaiangalia, akasema jua limekaa vibaya, akapiga nyingine. Kisha akasema wasogee kushoto ili kisiwa kionekane. Kisha akamwita mkewe aingie, akamtoa, akaingia mwenyewe, akamkumbatia Mama begani na kutabasamu mpaka magego. Picha akazituma kwa ndugu papo hapo, na maneno chini yake: Mama katika maisha mapya. Ushungi wa Mama ulikuwa unapigwapigwa na upepo na midomo yake imeanza kuwa ya kijivu.

Mwokaji aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Aliiona ile midomo. Akawaza, tazama mpumbavu huyu, anamgandisha mama wa watu kwa ajili ya picha. Akaendelea kuwaza hivyo kwa raha yake mpaka mkewe alipompita kwa haraka akiwa na koti la sufi, akaenda kumvika Mama, na wakati wa kurudi akamtupia mumewe jicho ambalo yeye hakulielewa.

Jioni, mezani, ndipo Mheshimiwa alipojiharibia.

Meza ya jirani waliketi mume na mke, wazee, wageni wa nchi nyingine kabisa. Mwanamume alikuwa dereva wa basi mstaafu, mwanamke alikuwa muuguzi. Hayo yalijulikana kwa sababu mwanamke alikuwa na simu inayotafsiri. Aliiweka katikati ya meza, akaongea kwa lugha yake, simu ikatoa Kiswahili, kwa sauti ya msoma taarifa ya habari aliyekosa usingizi.

"Familia yenu inapendeza sana," simu ilisema. "Je, kwenu ni pazuri?"

Hapo ndipo Mheshimiwa alipopata uwanja. Aliisogelea simu kama kipaza sauti cha mkutano wa hadhara. "Kwetu? Ah! Njooni mjionee wenyewe! Karibuni nyumbani, karibuni sana!"

Simu ikatafsiri kwa lugha yao. Wale wazee wakatazamana, macho yakawang'aa. Mwanamke akasema kitu.

"Je, unamaanisha nyumbani kwako?" simu iliuliza.

"Kwangu kabisa! Chumba cha wageni kipo, kina bafu lake humohumo! Mkae mnavyotaka, hata mwezi! Mimi siyo mtu wa hoteli, hoteli ni za watu wasio na ndugu!"

Mama aliacha kutafuna. "Chumba kipi hicho?"

"Vyumba havikosekani, Mama. Nyumba ni kubwa."

"Nimeuliza kipi."

"Mama naye! Tunaongea na wageni." Akawageukia wazee na kuwapigapiga mikononi kwa ukarimu.

Mwokaji alikuwa anakula polepole ili raha isiishe mapema. Ghafla Mama akamgeukia yeye. "Na wewe mkwe, mbona hukaribishi mtu?"

"Mimi, Mama, nakaribisha watu foleni ya mkate tu."

Mheshimiwa akacheka, na mkewe akacheka. Mama hakucheka. Alichukua ua la karoti, maana lilikuja tena na chakula cha jioni, akaling'ata katikati, akaliona si tamu, akalirudisha.

Walipoingia chumbani mke wa Mwokaji hakukaa. Alisimama mlangoni, mgongo umeegemea kitasa. "Umefurahi, sivyo?"

"Nimefurahi nini?"

"Unamwangalia shemeji anavyojiaibisha, umeketi kama uko sinema. Koti la Mama umeshindwa hata kunyanyuka kulifuata. Hebu nijibu. Hicho chumba chake umewahi kukiona?"

"Mlango wake haujafunguliwa hata siku moja nikiwa pale."

"Unaamini Mama atalala humo?"

"Siamini hata kidogo."

"Kumbe!" Alimtazama kuanzia juu hadi chini, kama anavyotazamwa mtu aliyeuza mkate wa juzi. "Yeye anadanganya, na wewe unajua anadanganya, umenyamaza. Mama yangu nyumba inabomolewa. Atalala wapi, kwenye kimya chako?"

Mke akapanda kitandani, akageukia ukuta. Mwokaji akalala chali, injini inanguruma chini ya mgongo wake, na kwa mara ya kwanza tangu wapande meli akamtafuta Mheshimiwa moyoni amcheke, hakumpata. Aliyemkuta pale ni yeye mwenyewe, na hakuchekesha.

Asubuhi walikunywa chai juu sitahani. Maji yalikuwa yametulia, na majabali yamesimama pande zote karibu kabisa, mtu angeweza kuhesabu vichaka. Mheshimiwa alikuwa anamweleza mhudumu jinsi chai inavyopikwa, kwa lugha aliyoitunga mwenyewe, wale wazee wawili walipotokea ngazini. Walikuwa wameshikana mikono, nyuso zimenawiri kama maharusi. Mwanamke akaweka simu mbele ya Mheshimiwa.

"Habari njema," simu ilisema. "Hatukulala kwa furaha. Tumebadilisha tiketi zetu. Tutasafiri pamoja nanyi hadi nyumbani kwako."

Kikombe cha Mheshimiwa kilisimama katikati ya safari yake kwenda mdomoni. Akatabasamu. Tabasamu likakaa pale peke yake, macho hayakulifuata. Akatazama upande wa Mama, akaona anachovya mkate, akadhani hasikii. Basi akaikamata simu, akaifunika kwa kiganja, akainong'oneza.

"Samahani," simu ilisema, "sijasikia. Tafadhali ongea kwa sauti."

Akanong'ona tena, safari hii shingo imemvimba.

"Samahani, sijasikia. Tafadhali ongea kwa sauti."

"Nimesema," alisema kwa meno, "chumba kina shida kidogo."

"Samahani. Kuna kelele za injini. Tafadhali ongea kwa sauti zaidi."

Mheshimiwa akapandwa na hasira za mtu anayebishana na kitu kisicho na aibu. Na wakati huohuo yule mwongoza watalii, aliyekuwa ameona jabali linalofanana na ngamia, akainua kibendera chake cha njano ili nahodha azime injini.

"NIMESEMA HICHO CHUMBA KIMEJAA MATAIRI!" Mheshimiwa alipiga kelele. "MATAIRI NA MAINJINI! HAKUNA HATA PA KUWEKA MGUU!"

Injini ilikuwa imezimwa. Maneno yakatoka, yakagonga jabali la ngamia, yakarudi: mguu. Yakagonga la pili, yakarudi madogo: mguu. Watalii wote walishusha simu zao. Katika kimya kile, simu ya muuguzi ikatafsiri yote kwa utulivu, neno kwa neno, bila kuacha hata injini moja.

Mama akaweka mkate wake kwenye sahani.

"Matairi," alisema.

"Mama, hiyo ni lugha ya biashara. Nilikuwa nawakwepa hawa, unajua wageni hawa..."

"Yanatoka lini?"

"Yakipata mnunuzi, Mama. Soko likikaa sawa. Si jambo la kulala na kuamka."

"Mama," mke wa Mheshimiwa alidakia, "mimi nilimwambia ayatoe, tangu siku ile nilimwambia."

"Ulimwambia yeye. Mimi uliniambia nini? Ulinipigia makofi." Mama akajifuta vidole, kimoja kimoja. "Jana ulinisimamisha kwenye upepo alasiri nzima, Mheshimiwa, na nilikuwa nikijiambia, vumilia, huyu ndiye anakupa pa kulala. Kumbe ulikuwa unapiga picha tairi lako jingine."

Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Mwokaji. Miaka mingapi ameingoja! Maneno alikuwa nayo, yameumuka tayari, na kicheko kimemfika kooni. Akaangalia upande wa mkewe ili wacheke pamoja, na akakuta mkewe hamtazami Mheshimiwa kabisa. Anamtazama yeye. Akageuka, akakuta Mama naye ameshamgeukia.

"Cheka, mkwe," Mama alisema. "Usijizuie, utapasuka. Mwenzako kaniahidi chumba cha matairi. Wewe hata cha matairi hukuniahidi."

Kicheko kikashuka kama mkate uliofunguliwa tanuri mapema.

"Changu kimejaa unga," Mwokaji alisema.

"Nani kakuuliza?"

"Nasema tu, Mama. Kimejaa magunia. Nayatoa siku tutakayofika, nayaweka barazani, nafunika turubai. Ukuta mmoja umeshikana na tanuri. Mchana kuna joto, utaniapiza. Wakandaji wangu wanaanza kazi kabla hakujapambazuka, na wana redio, na wana vinywa vichafu. Nitawasema, watanyamaza siku mbili tatu, kisha wataanza tena." Alikuwa ametazama meza, anasema kama anayesoma kasoro za gari ambazo dalali hazisomi. "Panya wapo. Choo kiko uani, mlango wake unafungwa kwa kamba. Nitauwekea kitasa. Na mkate utakaokula ni huohuo."

"Mchachu."

"Mchachu, ndiyo." Neno lililobaki lilikuwa dogo, amelisikia likitupwa ovyo kila siku, na lilimtoka zito kama gunia. "Karibu, Mama."

Mkewe alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mama hakuharakisha. Alimkagua mkwe wake kama anavyokagua mkate kwa kuubonyeza chini.

"Kitanda?"

"Kipo. Cha mbao, cha marehemu mama yangu. Ubao mmoja umelegea upande wa miguuni. Nitaugongelea."

"Ulishindwa nini kusema haya siku ile?"

Mwokaji alitafuta jibu la heshima, akakosa. "Nilikuwa namcheka huyu."

"Haya." Mama akauchukua tena mkate wake. "Hiyo ndiyo karibu. Ina kitanda ndani yake. Nakuja kwako, na hayo matusi ya wakandaji wako nitawafundisha mapya."

Wale wazee wawili walikuwa bado wamesimama, hawajui wakae au waondoke, furaha ya asubuhi imeanza kunyauka nyusoni. Mwanamke akaisemesha simu kwa sauti ndogo.

"Je," simu iliuliza, "tuje au tusije?"

Mheshimiwa alitazama sakafu. Mama ndiye aliyeinama juu ya simu, akasema taratibu na kwa sauti, kama anayezungumza na kiziwi. "Waje. Waambie mwenye nyumba amekaribisha mbele za watu. Atatoa matairi."

"Mama!" Mheshimiwa alilia.

"Yatoe ulale nayo wewe. Wamebadilisha tiketi, watu wazima hawa."

Simu ikatafsiri. Yule dereva wa basi akamkumbatia Mheshimiwa kwa nguvu, akampigapiga mgongoni, naye akakumbatiwa kama gunia linavyokumbatiwa, mikono imening'inia. Mke wa Mheshimiwa akatoa simu yake ampige picha, akamwona uso, akairudisha mkobani.

Injini ikawashwa. Kijana wa kibendera alikuwa ameshasahau ngamia wake, anaonyesha jabali jingine, la mviringo, lenye tundu katikati ambamo mawingu yalionekana. Akaeleza kitu kirefu kwa lugha yake. Watalii wakasema "Aaa!"

"Anasema linafanana na nini lile?" Mama aliuliza.

"Tairi," Mwokaji alisema.

Mama alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka ushungi ukamteleza, na mke wa Mwokaji akacheka huku anajifuta machozi, na Mwokaji, kwa kuwa sasa alikuwa na haki kidogo ya kucheka, akacheka nao. Akajiona amefanya jambo kubwa. Akanyoosha miguu, akajaza kikombe, akaanza hata kuvitazama visiwa kwa jicho zuri.

Mama akajipanga ushungi wake.

"Usijivimbishe kichwa," alimwambia. "Tukifika unaanza na mlango wa choo."